Shajara ya mradi: maneno mia tatu ya Kidunan

Februari 9

Naanza kuandika hapa kwa sababu daftari la mradi limejaa namba za faili, na nikilisoma baada ya wiki sijui nilifikiria nini.

Mradi wenyewe ni mdogo. Maneno 300 ya Kidunan, kila neno na sauti yake, kutoka kwa mtu aliyeyapata kwa mamake kabla hajajua kwamba kuna Kijapani. Yaingie kwenye simu, mtoto akigusa picha ya mlima asikie *dama*. Kidunan ni lugha ya Yonaguni, kisiwa cha mwisho kabisa cha Japani upande wa magharibi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 28 na ushei, wakazi kama 1,700. Taiwan iko kilomita 111 kutoka hapo. Tokyo ni karibu 2,000. Wenyewe hukiita Dunan, na lugha yao huiita Dunan Munui, yaani usemi wa Dunan. Wanaoimudu barabara hawafiki 400, na wengi wao ni wazee.

Mimi ni mtu wa Mvita, niko Naha, mji mkuu wa mkoa wa Okinawa ambao Yonaguni imo ndani yake, kwa masomo. Msimulizi wangu nitamwita Bibi. Ana miaka 84, amezaliwa Yonaguni, sasa anakaa kwa mwanawe hapa Naha, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kwangu. Tumekubaliana Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Sharti lake ni moja: friji haizimwi.

Februari 16

Maneno 22. Friji inanguruma katika yote.

Kidunan kina irabu tatu tu: *a*, *i*, *u*. Mahali Kijapani kina *e* wao wanatia *i*, na *o* inakuwa *u*. Tena *k* ikikaa katikati ya neno hulegea ikawa *g*. Kwa hiyo moyo, ambao Kijapani ni *kokoro*, kwa Bibi ni *kuguru*. *Naka*, ndani, ni *naga*. Ukishapata kanuni hizi unadhani umekishika, unaanza kujitungia maneno yako mwenyewe, na Bibi anakuangalia kama anayemwangalia mtoto aliyevaa viatu vya babake.

Kanuni iliyonikalia kichwani leo ni ya *y* kugeuka *d*. Mlima, *yama*, ni *dama*. Nyumba, *ya*, ni *da*. Maji ya moto, *yu*, ni *du*. Na Yonaguni yenyewe ni Dunan kwa njia hiyohiyo. Jioni nikasoma habari ya watu wa Jeju, Korea, waliopotezwa na bahari mwaka 1477 wakaokolewa na watu wa Yonaguni. Walikaa huko karibu nusu mwaka, kisha wakapitishwa kisiwa baada ya kisiwa hadi Naha, wakafika kwao 1479 na ushuhuda wao ukaandikwa katika kumbukumbu za wafalme wa Korea. Jina la kisiwa limeandikwa kwa namna inayosomeka *Yunisima*. *Sima* ni kisiwa. Yaani masikio ya wale mabaharia yalisikia *y*, si *d*. Wanaisimu wanauchukulia huo kuwa ushahidi kwamba mgeuko huu si wa zamani sana. Waliopotea baharini wakatuachia tarehe ya konsonanti!

Februari 23

Leo ni siku ya karatasi ya shashi.

Kidunan kina *t* mbili na *k* mbili. Moja inatoka na pumzi, nyingine inabanwa kooni na haitoi pumzi hata chembe. Kwenye rekodi za wiki iliyopita nilikuwa sizitofautishi kwa yakini (friji hiyo). Nikakata kipande chembamba cha shashi, nikamwomba Bibi akishike mbele ya midomo. Akasema *kuguru*: shashi ikaruka. Akasema neno la mtu, *t'u*: shashi ikatulia kama ukutani. Akarudia mara tano, kila mara anaiangalia ile shashi kwa makengeza, anacheka. Miaka 84 anasema hivyo na hakuwahi kujua.

Hilo neno *t'u*, mtu, lilinifanya nisimamishe kinasa sauti. Nikamwambia kwetu pia shina ni *-tu*: mtu, watu. Akaniuliza kama babu zetu walikuwa mabaharia. Nikamwambia ndiyo, lakini si wa huku. Ni sadfa tupu. Neno lake linatoka kwenye *pito* ya kale, ile ambayo Kijapani cha leo ni *hito*. Irabu ya kwanza ilimezwa, *p* ikagandamana na *t*, na kule kubana kooni ndiko kulikobaki kuonyesha kwamba hapo palikuwa na silabi. Nyasi zimepita njia ileile: *kusa* imekuwa *ts'a*.

Kisha zamu yangu. Akanipa shashi, akataka kusikia lugha yangu. Nikasema kaa, la moto, shashi kimya. Nikasema kaa, wa baharini, ikaruka. Bibi akaisikia tofauti mara moja, bila shashi. Kuna rafiki zangu wa bara, wazungumzaji wa Kiswahili tangu utotoni, ambao nimewasemea kaa na kaa, paa la nyumba na paa wa porini, mpaka nikachoka, na wanasema ni neno moja.

Machi 2

Nimepoteza rekodi 41. Kinasa sauti kinaanza kuhesabu upya kila unapobadilisha kadi, na mimi nikamimina kadi ya pili juu ya ya kwanza. Majina yaleyale, faili mpya zikafuta za zamani. Kuanzia leo jina la faili linaanza na tarehe, na nakala ya akiba inafanywa kabla sijavua viatu.

Nikampigia Bibi kumwomba radhi. Akasema, «Basi njoo, nitayasema tena. Si yamo?»

Machi 16

Hatukurekodi maneno leo. Nilifika na orodha ya vitu vya shuleni, Bibi akaiangalia, akasema hivi hakuna. Kitabu, kalamu, ubao, hivyo vilikuja na Kijapani. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, ubao mmoja anaukumbuka.

Wanauita *hogen fuda*, kibao cha lahaja. Ni kipande cha mti chenye kamba. Mwanafunzi akisikika akisema lugha ya nyumbani anavishwa shingoni. Kilienea katika visiwa vya Okinawa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwingine kiliendelea baada ya vita, wakati visiwa vilikuwa chini ya Wamarekani. Waliosoma Kenya hawahitaji kuelezwa: kwetu kiliitwa diski. Ufundi wake ni uleule pia. Hukivui mpaka umkamate mwenzio. Okinawa watu bado wanasimulia walivyokuwa wakimkanyaga mtu kidole makusudi ili apige kelele *aga!*, ambayo ndiyo «uwi!» ya huku, na kibao kihame.

Nilimuuliza kama aliwahi kukivaa. «Mara moja,» akasema. Nikangoja. Akainuka kwenda kutengeneza chai.

Niliporudi nyumbani niliandika mfululizo wa miaka ili nijue hasa kamba ilikatika wapi, maana mtu akisema «lugha inakufa» ni kama imeugua yenyewe. Ufalme wa Ryukyu, uliotawala visiwa hivi, ulivamiwa na ukoo wa Satsuma kutoka Japani 1609, lakini ukabaki na mfalme wake na lugha zake. Japani iliumeza rasmi 1879. Kufikia 1880 kitabu cha mazungumzo cha kuwafundishia Waokinawa Kijapani kilikuwa kimeshatoka, maana hata walimu walikuwa hawaelewani na wanafunzi. Mwaka 1945, katika vita vya Okinawa, jeshi la Japani lilitoa amri kwamba anayezungumza Kiokinawa atahesabiwa jasusi. Baada ya vita Wamarekani walifikiria vitabu vya shule kwa lugha za wenyeji, na wenyeji ndio walioona hapo kuna mtego wa kuwatenga na Japani. Walimu waliotaka visiwa virudi Japani, navyo vikarudi Mei 15, 1972, ndio haohao waliokazana na Kijapani sanifu.

Kwa Yonaguni kuna la ziada, nalo ni Taiwan. Kuanzia 1895 mpaka 1945 Taiwan ilikuwa koloni la Japani, na kijana wa Yonaguni aliyetaka kazi alivuka kwenda huko. Kijapani kilikuwa lugha ya mshahara kwa upande ule pia. Vita vilipokwisha mpaka ukapita katikati ya bahari, biashara ikawa magendo, na kisiwa kikafurika watu kutoka kila mahali hadi wakapita 10,000. Halafu magendo yakazimwa, watu wakatawanyika.

Lakini kamba yenyewe ilikatikia nyumbani. Bibi na mumewe walisemezana Kidunan mpaka mume alipofariki. Watoto wao waliwasemesha Kijapani. Hakuna askari aliyekuja mezani kuwaamuru.

Aprili 6

Tahajia imenishughulisha wiki tatu, na bado sina raha nayo.

Herufi za Kijapani hazina alama ya *t* ya kubana. Wanaisimu wengine hutia mkato wa juu, *t'u*, kama nilivyofanya humu. Kwangu ni balaa, kwa sababu vitabu vya Kiswahili vinavyojali Kimvita huutumia mkato huohuo kwa kinyume chake: *k'aa* ni yule wa baharini, mwenye pumzi. Mara mbili nimejikuta nikisoma orodha yangu mwenyewe visivyo. Sasa nafuata wale wanaoandika konsonanti mara mbili: *ttu*. Kwa sauti ya *ng'*, ambayo Kidunan wanayo, naacha *ng'* ya ng'ombe. Bibi hasomi herufi za Kirumi kwa raha, kwa hiyo karata zake za maneno zina maandishi ya kana, herufi za silabi za Kijapani, na kialama chekundu alichokichagua mwenyewe, kijidoti mahali pa kubana.

Nakiri hapa pana donda langu pia. Japani huziita lugha hizi *hogen*, lahaja, ingawa mtu wa Tokyo akimsikiliza Bibi haambulii sentensi moja. UNESCO mwaka 2009 iliorodhesha lugha nane zilizo hatarini nchini humo, Kidunan ikiwa mojawapo, katika kundi moja na Kiyaeyama, lugha ya visiwa jirani: hatari kubwa. Na mimi nimekulia kwenye lahaja ambayo Kiswahili Sanifu kiliamua kutoandika pumzi zake. Kimvita hakitakufa kesho. Wala sidai mambo haya mawili ni sawa. Ila najua ladha ya kuambiwa «hivyo unavyosema si vibaya, lakini haviandikwi hivyo».

Kamusi ya Ikema Nae imefika kwa posta, ya mkono wa pili. Mama huyu, mwenyeji wa Yonaguni, aliikusanya mwenyewe na ikatoka 1998. Nimeifungua ukurasa wowote tu, nikaona maneno 300 yangu ni kijiko cha bahari.

Mei 4, Yonaguni

Tumekuja watatu: Bibi, mwanawe na mimi. Kutoka kisiwa cha Ishigaki kuna ndege ya nusu saa, lakini Bibi alitaka meli, karibu saa nne baharini. Watu huiita meli ya kutapika. Mtoto wa pwani mimi, nikajitapa. Saa ya pili nilikuwa nimelala sakafuni na mfuko usoni, na Bibi ananipepea kwa orodha ya maneno.

Vijiji ni vitatu: Sonai, Kubura na Higawa. Farasi wadogo wa Yonaguni wanatembea barabarani wanavyotaka, magari yanangoja. Ukutani pa duka moja kuna fulana zenye *kaida*, michoro ambayo watu wa visiwa hivi waliitumia kuandika hesabu za kodi: ng'ombe, farasi, mchele, alama ya kila nyumba. Kodi ya kichwa ilitozwa visiwa vya Miyako na Yaeyama, Yonaguni ikiwemo, kuanzia 1637 mpaka 1903. Sasa mchoro wa mateso ni fulana. Nimenunua moja.

Kisiwani hakuna shule ya sekondari ya juu. Mtoto akifika miaka 15 anaondoka, na wengi hawarudi, au wanarudi na umri. Kambi ya jeshi ilifunguliwa 2016, mwaka mmoja baada ya wakazi kuipigia kura, 632 kwa 445, na imeleta familia na wanafunzi wapya. Idadi ya watu imepata egemeo. Lugha ya hao watoto wapya ni Kijapani.

Mei 5, Yonaguni

Hiki ndicho nilichokijia, ingawa sikujua.

Chakula cha mchana, nyumba ya jirani wa zamani wa Bibi, mama mwenye umri kama wake. Nimewasha kinasa sauti kwa ruhusa yao na kukisahau kwenye dirisha. Wale wazee wawili wanazungumza Kidunan kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia Naha; kule Bibi alikuwa ananipimia kwa kijiko. Mwanawe, miaka 57, anakula kimya. Amenieleza mara nyingi kwamba yeye Kidunan hakijui.

Bibi, akiwa katikati ya kisa, bila kugeuka, akatupa sentensi upande wake. Mwanawe akainuka, akaenda jikoni, akarudi na birika la maji ya moto, akajaza buli, akakaa. Akaendelea kula.

Nilisikia *du* tu katika sentensi ile. Nikamuuliza kwa Kijapani, «Amekuambia nini?»

«Maji ya buli yamekwisha, yaliyobaki ni ya baridi.»

«Kwa Kidunan.»

Akasita na kijiti mkononi. «Ndiyo,» akasema. «Lakini mimi sizungumzi.»

Usiku nimesikiliza rekodi nzima, saa 1 na dakika 12. Bibi alimsemesha mwanawe Kidunan mara tisa. Mara zote tisa alijibu au alitenda sawasawa, kwa Kijapani au kwa mikono. Hakuna hata mara moja aliyomwambia arudie. Huyu si mtu asiyejua lugha. Ana lugha nzima imekaa ndani, haijawahi kupewa mdomo.

Mei 6, Yonaguni

Rasi ya Irizaki asubuhi. *Iri* ni kuingia, mahali jua linapoingia, kama sisi tusemavyo machweo. Siku chache kwa mwaka Taiwan inaonekana kutoka hapa. Leo ni ukungu.

Nimemuuliza mwanawe kwa nini hasemi. Nilitegemea jibu la aibu au la shule. Akajibu kitu kingine: kuna namna ya kumsemesha mkubwa, na yeye haimiliki. Anajua namna mamake alivyokuwa akiwaamrisha watoto, yaani anajua lugha ya kuambiwa. «Nikifungua mdomo nitamsemesha mama yangu kama anavyonisemesha yeye. Heri Kijapani.»

Nikaelewa papo hapo. Ni kama mtu ambaye maisha yake yote amesikia «marahaba» na hakufundishwa «shikamoo».

Mei 18

Mpango unabadilika. Nimekuwa nikitengeneza karata za mtoto wa miaka sita, ambaye akigusa picha atasikia *dama* na hatakuwa na mtu wa kumwambia *dama*. Mwalimu wake ni Kijapani, mama yake ni Kijapani, runinga ni Kijapani. Na huku kuna kundi zima la watu wa miaka hamsini na sitini, kizazi cha mwisho kilicholala chumba kimoja na lugha, na hakuna anayewatengenezea chochote kwa sababu wenyewe wamesema hawajui.

Kwa hiyo maneno 300 yanabaki, lakini yanakuwa sentensi. Kila moja mara mbili: mkubwa kwa mdogo, mdogo kwa mkubwa. Bibi anasema zote mbili. Hiyo ya pili ndiyo mwanawe hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwa mamake, ila pale mamake mwenyewe alipokuwa mdogo mbele ya wengine.

Julai 13

Sentensi 118. Joto kali, nyenje wanapiga kelele kuliko friji, kwa hiyo sasa tunarekodi saa mbili usiku. Bibi amechoka na msamiati wa samaki, na mimi pia.

Septemba 18

Leo ni siku ya lugha za visiwani, kwa sheria ya mkoa wa Okinawa ya 2006. Mwezi wa tisa, tarehe kumi na nane: tisa, kumi, nane zikisomwa harakaharaka zinatoa *ku-tu-ba*, neno. Kulikuwa na hotuba na ngoma. Jina lenyewe ni *shimakutuba*, na *shima* ni kisiwa na pia ni kijiji cha mtu, kwao. Asante imesemwa jukwaani kwa lugha za visiwa mbalimbali. Ya Yonaguni ni *fugarasa*. Bibi hakwenda. Alisema magoti.

Oktoba 12

Sentensi 204. Mwanawe amekuwa akikaa sebuleni tunaporekodi, anajifanya anasoma gazeti.

Leo, sentensi ya 201, Bibi alikosea. Alisema ya mdogo kwa mkubwa, akachanganya, akaanza upya, akachanganya tena. Kutoka nyuma ya gazeti sauti ikasema neno lililokosekana. Moja tu. Bibi akageuka.

Sikuzima kinasa sauti.

Oktoba 26

Amekubali kurekodi, kwa masharti: mama asiwemo chumbani. Kwa hiyo Bibi yuko jikoni, mlango wazi vidole vitatu.

Tulianza na *anu*, mimi, na *nda*, wewe. Halafu *agami*, mtoto. Anayasema taratibu, kama anayekanyaga ngazi gizani, na irabu zake ni safi. Tulipofika kwenye mtu nikampa shashi. Akasema, ikaruka. Akasema tena, ikaruka. Mara ya tatu akafunga macho, ikacheza kidogo.

Kutoka jikoni: «*Ttu!*»

«*Ttu,*» akasema.

Shashi haikutikisika. Faili ni 1026-07. Nyuma yake friji inasikika, na mtu anacheka.

Jumapili ijayo ni sentensi ya kuomba maji ya moto, mdogo kwa mkubwa. Amesema mama anaweza kukaa.